Nipimeni nimelala, kisha nipimeni nimesimama
Barua ya wazi kwa wauguzi, madaktari na wafamasia wa hospitali zetu

Wanangu,

Nawaita wanangu kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu ya chaki. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 34, hapa Muheza na vijiji vya jirani, na si mara moja nimelala kwenye kitanda cha wodi nikasikia sauti juu yangu ikisema, "Shikamoo mwalimu, umenisahau?" Kwa hiyo siwaandikii kama mtu wa nje anayepiga kelele getini. Nawaandikia kama mzazi anayesema na watu wa nyumbani mwake jambo lililomkaa kifuani muda mrefu, ambalo akilinyamazia litaendelea kuumiza wengine.

Anayeshika kalamu ni mjukuu wangu wa kidato cha tatu. Mimi nasema, yeye anaandika, halafu ananisomea nami nasahihisha. Mwandiko ni kati ya vitu vya mwanzo kuniacha. Zamani maandishi yangu ya ubaoni yalisomeka mpaka dawati la nyuma. Mwaka wangu wa mwisho kazini watoto wakaanza kusogea mbele. Herufi zilianza mstari zikiwa kubwa, zikafika mwisho zikiwa kama sisimizi. Na kabla ya mwandiko ilitangulia pua. Kwetu fenesi likiiva ndani ya nyumba halifichiki hata ukilifunga kwenye gunia, lakini mke wangu akawa analalamikia harufu, mimi namuuliza harufu gani. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Baadaye kidole gumba cha kulia kikaanza kucheza chenyewe, mtetemeko ukapanda mkono, hatua zikafupika, uso ukagoma kucheka hata pale moyo unapocheka. Majirani wakasema nimetupiwa kitu. Nilipita kwa waganga wawili kabla ya kufika kwa daktari ambaye hakunipima kwa mashine yoyote. Alinitazama nikitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akaniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, akanyoosha na kukunja kiwiko changu, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni Parkinson."

Miaka minne baadaye moyo nao ukajitangaza. Miguu ilivimba, ngazi tatu za baraza zikawa mlima, usiku nikawa silali bila kuegemea mito mitatu. Kipimo cha eko kikaonyesha kwamba moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa.

Tangu siku hiyo mwili wangu mmoja una mafaili mawili. Kliniki ya moyo ina siku yake na jengo lake. Kliniki ya mishipa ya fahamu iko mbali, kwa basi hadi Dar es Salaam, kwa kuwa mabingwa wa fani hiyo nchini ni wachache mno. Daktari wa moyo nikimwonyesha vidonge vya Parkinson huniambia, "Hivyo endelea navyo kama walivyokuelekeza kule." Kule nikiwaonyesha vya moyo huniambia, "Hivyo endelea navyo kama walivyokuelekeza huko." Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na katikati ya heshima hiyo mimi naanguka.

Naanguka chini kweli, kwa magoti na paji la uso. Ndani ya miezi miwili nilianguka mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kando ya pipa la maji, nikashonwa nyuzi sita juu ya jicho. Kila nilipofika kliniki nilikaribishwa kwenye kiti, nikafungwa kitambaa cha presha, nikaambiwa, "Presha yako nzuri sana, mwalimu." Nami niliamini, kwa sababu namba ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa namba ya mtu aliyekaa.

Siku moja muuguzi kijana, binti ambaye bila shaka alikuwa bado hajamaliza mwaka kazini, aliniuliza huwa naanguka wakati gani. Nikamwambia ni nikisimama, macho hupiga giza na masikio huvuma. Akanilaza dakika tano, akapima. 152 kwa 86. Akaniambia nisimame, akanishika kiwiko, akasubiri dakika moja, akapima. Akasubiri nyingine mbili, akapima tena. 96 kwa 58. Aliangalia ile namba, akaniangalia mimi, akavuta kiti haraka.

Nyinyi mnajua kuliko mimi kwamba namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, hilo ni tatizo lenye jina na lenye matibabu. Yangu ilikuwa imeshuka kwa 56. Sababu zake hazikuwa fumbo. Parkinson huharibu neva zinazoiamuru mishipa ya damu ijikaze mtu anapoinuka. Levodopa, kidonge kinachonipa mwendo, nayo hushusha presha. Kidonge cha kutoa maji hushusha. Enalapril hushusha. Carvedilol hushusha. Mikono mitano inanisukuma chini, na kila aliyeniandikia alikuwa anauona mkono wake tu. Binti yule alitumia dakika nane na mashine ileile ya presha iliyo kwenye kila zahanati. Ndiyo maana ombi langu nimeliweka juu kabisa ya barua, mahali pa kichwa cha habari: mzee wa Parkinson mwenye dawa za moyo, mpimeni amelala, kisha mpimeni amesimama.

Acha niwapeleke jikoni kwetu, kwa sababu huko ndiko mashauri yenu yanakokutana. Kutoka kliniki ya moyo nilirudi na karatasi inayosema nipunguze chumvi na maji yangu yote ya siku yasizidi lita moja na nusu. Kutoka kliniki ya pili nilirudi na ushauri kwamba, kwa ajili ya kizunguzungu cha kusimama, niongeze chumvi na ninywe maji ya kutosha, na tena maji mengi kwa ajili ya choo kigumu, ambacho nacho ni sehemu ya Parkinson. Mke wangu hakusoma sana, lakini alikuwa wa kwanza kuona kwamba karatasi hizi zinapigana. Alisimama na sufuria ya kisamvu jikoni, akaniuliza, "Baba, leo nifuate ipi?" Sikuwa na jibu. Mwalimu mzima, sikuwa na jibu la chumvi.

Tuliuliza duka la dawa, wakasema muulizeni daktari. Tuliuliza daktari, akasema la chumvi muulizeni aliyewaambia. Ilichukua miezi mitano mpaka daktari mmoja wa moyo, Mungu amlinde, alipotoa simu yake mbele yangu akampigia mwenzake wa Dar. Waliongea muda usiozidi wa kuchemsha chai. Wakakubaliana kwamba kwenye chumvi sheria ya moyo ndiyo itasimama. Kizunguzungu kitatafutiwa njia nyingine: kidonge kimoja cha moyo kipunguzwe, kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali, nivae soksi ndefu za kubana, nikiamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda nihesabu hadi 60, na glasi moja ya maji kabla ya kuinuka, lakini itolewe ndani ya kipimo changu kilekile cha siku. Nijipime uzito kila asubuhi, nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache niwapigie. Na kidonge cha kutoa maji, ambacho nilikuwa nakinywa jioni, kihamie asubuhi.

Hilo la mwisho halikuwa na gharama hata ya shilingi, na limeniokoa kuliko mengine yote. Choo chetu kiko uani. Fikirieni mtu anayehitaji dakika kadhaa kujigeuza kitandani, anayeganda mlangoni kana kwamba miguu imepigiliwa misumari, anayeishiwa presha akisimama, halafu kila baada ya saa moja usiku kibofu kinamwamsha. Aliyeandika "jioni" hakuwa na nia mbaya. Hakujua kwamba nina ugonjwa wa pili, au alijua lakini faili lake halikuwa na nafasi ya kuandika choo kiko wapi.

Sasa niseme la wodini. Hilo ndilo lililonifanya nimwite mjukuu na kalamu yake.

Masika iliyopita maji yalinijaa mapafuni, nikalazwa. Hospitali siitaji na muuguzi wa zamu simtaji. Usiku ule alikuwa mmoja kwa wagonjwa zaidi ya 30, na namheshimu kwa kusimama tu mpaka asubuhi. Mke wangu alinibebea vidonge vyangu kwenye mfuko, pamoja na karatasi ya saa zake. Mfuko ukachukuliwa ukafungiwa kabatini, kwa kuwa utaratibu wa wodi haumruhusu mgonjwa kujinywesha dawa. Kwenye chati ikaandikwa moja mara tatu. Saa zangu ni nne: saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Kwenye chati hazikuwemo. Kisha ikagundulika kwamba dawa yenyewe duka la hospitali halina, ikaandikwa "haipo", ilhali ipo kabatini hatua kumi kutoka kitandani kwangu.

Kidonge cha saa 10 hakikuja. Cha saa 3 usiku hakikuja. Cha saa 12 asubuhi hakikuja.

Wengi wenu mmeona mgonjwa wa Parkinson akitetemeka, lakini ni wachache waliomwona akikosa dawa, kwa hiyo nitaeleza kwa ndani. Mwili hufunga kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Kwanza vidole, kisha shingo, kisha mgongo mzima unakuwa ubao mmoja. Mate yanajaa na koo halimezi. Mto umekaa vibaya na huwezi kuusogeza, nzi ametua usoni na huwezi kumfukuza, unataka kuita na sauti inatoka kama mtu anayepumua tu. Akili iko wazi kabisa. Nilisikia kila kitu kilichosemwa juu yangu. Kisha kifua nacho kikakaza, kwa sababu misuli ya mbavu ni misuli kama mingine, na pumzi ikawa fupi.

Hapo ndipo magonjwa mawili yalipovaa nguo moja. Aliyenitazama aliona mtu aliyelazwa kwa moyo, pumzi fupi, akasema moyo unazidi kushindwa. Nikaongezewa dawa ya kutoa maji. Presha ikashuka zaidi. Kichefuchefu kikaja, nikachomwa sindano ya metoclopramide, dawa ambayo kwenye wodi nyingi ndiyo ya kwanza kushikwa mgonjwa akitaka kutapika. Wanangu, dawa hiyo huzuia dopamini. Dopamini ni kemikali ileile ambayo ubongo wangu umeshindwa kuitengeneza, na levodopa kazi yake ni kuirudisha. Kwa sindano ile hata kile kidogo kilichobaki kikafungiwa mlango. Shingo ilivutwa upande, taya likajifunga. Mke wangu, aliyekuwa ametolewa nje kwa sababu ya raundi, aliporudi alidhani nimepigwa kiharusi.

Aliyeniokoa alikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo. Alimuuliza mke wangu swali moja: "Mama, dawa zake za kutetemeka ziko wapi?" Akajibu, "Mmezifungia." Kabati likafunguliwa saa 6 mchana, wakanikalisha wima, kidonge kikasagwa, kikayeyushwa kwa maji, nikanyweshwa kwa kijiko taratibu. Haikupita saa moja nikajigeuza mwenyewe upande wa kulia. Pumzi ikarefuka. Moyo wangu haukuwa umebadilika hata kidogo.

Nimesoma tangu hapo, na mjukuu amenisaidia kusoma. Kukatisha levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mkakamao na kuchanganyikiwa, na kunaweza kuua. Uingereza, nchi yenye wauguzi na vidonge vingi kuliko sisi, chama cha wagonjwa wa Parkinson kimekuwa kikiendesha kampeni tangu 2006 kikidai kidonge kitolewe kwa saa yake, na mwongozo wa huko unataka kisichelewe wala kuwahi zaidi ya nusu saa. Kama wao bado wanahitaji kukumbushana, basi sisi si wa kulaumiana. Ni wa kufundishana. Kwa hiyo nasema hivi: mgonjwa wa Parkinson akilazwa kwa ugonjwa wowote, saa zake ziandikwe kwenye chati kama alivyokuja nazo, na kama hospitali haina dawa, atumie yake. Atakayelazwa kwa ajali, kwa malaria, kwa tezi dume, kwa moyo, saa ni zilezile.

Kuhusu kichefuchefu nataka kuongeza neno, kwa sababu hapa mwenye magonjwa mawili yuko kwenye kona mbaya kuliko mwenye moja. Vitabu vinasema mgonjwa wa Parkinson asipewe metoclopramide, apewe domperidone, kwa kuwa hiyo haiingii sana kwenye ubongo. Ni kweli, lakini domperidone inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na kwa moyo kama wangu inakatazwa. Kwa hiyo anayesoma faili la Parkinson peke yake ataniandikia dawa ya kunidhuru, na anayesoma la moyo peke yake ataniandikia nyingine ya kunidhuru, na wote wawili watakuwa wamefuata kitabu. Muulizeni mfamasia. Wafamasia, msingoje kuulizwa.

Na nyinyi wa maduka ya dawa ya mitaani, nanyi ni wanangu. Kizunguzungu kiliponianza nilikwenda dukani, nikauziwa cinnarizine, dawa ya kizunguzungu inayojulikana na kila mtu. Niliinywa wiki sita. Mtetemeko ukaongezeka, hatua zikawa fupi zaidi, nikadhani ugonjwa umepiga hatua. Kumbe cinnarizine nayo huzuia dopamini, na inaweza kumletea dalili za Parkinson hata mtu asiye nayo. Kizunguzungu changu kilikuwa presha, hakikuwa sikio. Haloperidol na chlorpromazine, ambazo hutolewa kwa mzee anayeweweseka usiku wodini, zimo kwenye kundi hilohilo. Artane nayo nimewahi kupewa pale levodopa ilipokosekana, maana ni rahisi kuipata kwenye kliniki za afya ya akili. Mtetemeko ulipungua kweli, lakini nilianza kusahau majina ya wanangu wa kuzaa, moyo ukawa unakimbia na mkojo ukaziba. Kwa mzee, tena mwenye moyo, hiyo si ya kuziba pengo.

Kuna jambo lilinishangaza siku ya kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ilitoka na mawimbi ya haraka, mpimaji akaita wenzake, wakaanza kuzungumza kuhusu kunipeleka chumba cha uangalizi maalumu. Daktari mmoja mtu mzima akaja, akatazama karatasi, akatazama mkono wangu, akakiweka kiganja changu chini ya paja langu akasema, "Rudieni." Mawimbi yakatulia. Nilipofika nyumbani nikafanya hesabu. Mtetemeko wa Parkinson hupiga mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Chukua 5, zidisha kwa 60, unapata 300 kwa dakika. Na yapo matatizo ya mapigo ambapo vyumba vya juu vya moyo hupiga karibu mara 300 kwa dakika. Mashine haijui kutofautisha. Anayejua ni mtu aliyeinua macho kutoka kwenye karatasi akatazama mkono.

Mzee mwenzangu mmoja aliniletea unga wa mbegu za upupu. Wengi hapa tunaukumbuka upupu kwa utundu wa shuleni, ule unaowekwa kwenye kiti cha mwenzako awashwe mpaka alie. Huyu mzee hakuwa mjinga. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, hilo watafiti wamelithibitisha. Lakini kijiko cha leo si sawa na cha kesho, na mtu ambaye presha yake inashuka kwa 56 akisimama hawezi kubahatisha kipimo. Sikuutumia. Nawaambia nyinyi ili mkimkuta mgonjwa anautumia msimcheke wala kumkaripia, akaja kuwaficha. Muulizeni anakunywa kiasi gani, mwandike kwenye faili. Mara nyingi anautumia kwa sababu kidonge hakuna dukani, au bei yake inakula pensheni. Levodopa pamoja na carbidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wafamasia mnaoagiza dawa za wilaya na mikoa, iagizeni. Mgonjwa wenu asiyeonekana dirishani hajapona. Yuko kitandani nyumbani.

Na wako wengi kuliko mnavyodhani. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000, na matokeo yakachapishwa 2008. Walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hakuna mtu aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walikuwa wakiitwa wazee tu, au waliorogwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wagonjwa duniani walizidi milioni 8.5. Presha na moyo mnavijua, kliniki zake zimejaa. Sisi wazee tunaishi miaka mingi kuliko baba zetu, na katika miaka hiyo ya ziada magonjwa haya mawili yanakutana ndani ya mtu mmoja. Moyo umepata nyumba yake tangu 2015, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na nafurahi kuiona. Ugonjwa wangu wa pili bado unasubiri kujulikana hata kwa jina kwenye zahanati nyingi.

Mke wangu ameomba nimwekee neno, nami naliweka kama alivyolisema. Wakati wa raundi msimtoe nje. Yeye ndiye anayejua nilikunywa kidonge saa ngapi, nilianguka lini, soksi ya mguu gani imebana leo. Mnaponiuliza mimi, jibu huchelewa. Maneno yako tayari kichwani lakini mdomo unachukua muda, na uso wangu usiocheka unawafanya mdhani sijaelewa au nimekasirika. Mara nyingi kabla sijafungua kinywa mmeshahamia kitanda cha pili. Hesabuni hadi kumi. Nitajibu.

Nami nimefanya sehemu yangu. Mjukuu ameandika karatasi moja kwa herufi kubwa, tukaifunika kwa nailoni. Juu yake kuna magonjwa yangu yote mawili, dawa zangu zote saba na saa zake, namba za simu za madaktari wote wawili, presha yangu ya kulala na ya kusimama, na chini, kwa wino mwekundu, majina ya dawa nisizopaswa kupewa: metoclopramide, domperidone, cinnarizine, haloperidol, chlorpromazine. Wagonjwa wengine wawili wa Parkinson hapa wilayani, ninaowafahamu, nao tumewaandikia yao. Wangapi hawana mjukuu wa kuwaandikia? Hao ningependa muwaandikie nyinyi, siku ileile mnapowapa kidonge cha kwanza.

Karatasi yangu hukaa mfuko wa shati, upande wa kushoto. Nikiletwa tena siwezi kusema, isomeni kabla hamjanichoma sindano.

Wenu,
Mwalimu mstaafu
Muheza, Tanga